Mkaguzi wa Msaada wa Bure

Ni mwaka 2024, mwanzo wa vuli. Saa tatu asubuhi, Salhiya Msabah anaegesha vespa yake karibu na ufukwe wa Bwejuu, anafuta manyunyu kwenye miwani, kisha anasimama kuwatazama wanawake wanne wakiponda makumbi ya nazi kwa magongo ili wapate usumba wa kusokotea kamba. Hajatoa karatasi yoyote.

"Shikamooni."

"Marahaba, mwanangu. Serikali imekuja kutuhesabu?" anauliza Bi Rukaiya Mcha, kiongozi wa kikundi, na wenzake wanaangua kicheko.

Salhiya, mwenye umri wa miaka arubaini na mmoja, ni mtumishi wa ofisi ya serikali inayosimamia washauri wa kujitolea, yaani wajuzi wa biashara wanaowaelekeza wajasiriamali wadogo bila ya malipo. Washauri hao ni sitini na watatu katika Unguja nzima. Mkaguzi ni yeye peke yake. Kwa mwezi hupewa lita ishirini za mafuta.

"Yakiniishia, nnakwenda kwa miguu," anasema.

Kazi hii ina ugumu ambao hakufundishwa. "Ukimuuliza mtu kama mshauri wake alikuja, atakwambia alikuja. Mtu kakusaidia bure, halafu umsemee kwa serikali? Watu wanaona haya."

Kwa hiyo huuliza mambo mengine. Fomu aliyonayo inaeleza kwamba mshauri wa kikundi hiki, Bwana Munir Talib, mstaafu aliyekuwa akiinunulia hoteli bidhaa, amekwishafanya ziara sita, na kwamba mbili za mwisho zilihusu upangaji wa bei. Sahihi sita za Bi Rukaiya zimo.

"Kamba ya mita hamsini mnaiuzaje?"

"Elfu sita. Ndivyo alivyokuwa akiiuza marehemu mama."

Salhiya anaitazama tena fomu: ziara mbili za kupanga bei, na bei bado ni ile ya zamani.

"Bi Rukaiya, Bwana Munir kaja mara ngapi?"

"Nne," anajibu, akikung'uta usumba mapajani. "Hizo mbili mkewe alikuwa hajiwezi. Mzee wa watu hapewi hata nauli, nimfedheheshe kwa sahihi? Nlimsitiri."

Kanuni ni kali. Taarifa ya uongo inaweza kumwondoa mshauri, na kikundi kisicho na mshauri hukosa nafasi ya kukutana na wanunuzi wa hoteli mwezi wa Disemba. Salhiya anatoa kalamu.

"Nikiandika sita, nnakudhulumuni nyinyi," anasema. "Hiyo elfu sita ndiyo khasara yenyewe."

Anaandika nne. Chini yake anaongeza kwamba ziara mbili ni deni, nalo lilipwe ndani ya siku kumi na nne.

Matumaini yake ni kwamba mwakani kila kikundi kitaandika chenyewe kilichojifunza, badala ya kutia sahihi tu. Pendekezo hilo limekwishafika kwa mkuu wake.

Siku ya tisa, Bwana Munir anafika na kutandikiwa mkeka. Ya kumi anarudi, na Salhiya yupo.

"Makumbi haya mliyafukia lini pwani yalainike?" anauliza mzee huyo.

"Kabla ya masika."

"Na miezi yote hiyo, nani aliyalinda yasichukuliwe na maji?"

"Sisi! Nani mwengine?"

"Basi mbona ulinzi wenu haumo katika bei?"

Wanawake wanaanza kuhesabu miezi kwa vidole. Adhuhuri inapokaribia, Bwana Munir anaanza kukusanya vitu vyake.

"Kaa, Bwana Munir," anasema Bi Rukaiya. "Ya jana ushatulipa. Ya leo bado."

Mzee anacheka, anakaa tena, wala hainuki mpaka kila mmoja wao amekwishapiga hesabu ya kamba yake mwenyewe. Ndipo Bi Rukaiya anaponyoosha mkono kuipokea kalamu ya Salhiya, atie sahihi.