Tulipeleka gari ya kifahari ya Amerika kwenye mbio za kuvumilia, na moteri ya Shangazi

Wakuu, nawasalimia toka Kasongo. Nikidanganya hapa nirudie darasa, na moja nimesha kurudia.

Marehemu babu alituachia gari ya Amerika, ya zamani, ya kitajiri, murefu sana. Moteri ilikufa kitambo. Kuku ndio walikuwa wanalala ndani, kwenye viti vya ngozi. Kuku VIP.

Rafiki yangu Assani akaona video: kuna watu wanang'oa mapambo yote ya gari kama ile, wanashindana nayo kutwa nzima. Si mwendo kasi. Ni kuvumilia.

Na huku watu wa moto-taksi, zile pikipiki za abiria, walikuwa na shindano: kuzunguka uwanja wa mpira toka asubuhi mpaka adhana ya adhuhuri, bila kusimama, bila kuongeza mafuta. Zawadi: mbuzi.

Tukang'oa milango, vioo, kiti kimoja cha mbele. Moteri tuliazima kwenye mashini ya Shangazi Zaina ya kusaga mihogo. Kuazima, yaani yeye hakujua. Alikuwa ameenda Lusangi mpaka jioni. Moteri isiporudi kabla yake, mimi ninayekaa kwake sina tena kwa kulala.

Tukaanza. Moto zao zikatupita kama risasi. Mzee mumoja wa fimbo pia akatupita.

Lakini mafuta, ile esansi, ikawaishia, mumoja mumoja. Sisi: tuk-tuk-tuk.

Shida, kila mama wa mutaa anajua ile sauti. Wakatufuata na mabeseni ya mihogo, mustari mzima.

"Nyie, mashini inahamia wapi?"

Halafu Shangazi akarudi mapema. Akatembea pembeni yangu mizunguko miwili akinitukana, wala hakuhema. Ndio mwendo wetu ule, wakuu.

"Simamisha!"

"Shangazi, nikisimama mbuzi anaenda!"

"Mbuzi gani?"

Nikamuonyesha.

"Dume ao jike?"

"Jike. Iko na mimba."

Akapanda nyuma, akaketi kwenye ngozi kama bibi gavana. "Kanyaga!"

"Nimekanyaga, Shangazi."

Adhana ilipoita, ni sisi peke yetu tulikuwa tunatembea. Shangazi akashuka, akashika kamba ya mbuzi, akaenda naye kwake.

Mbuzi amezaa mapacha. Mimi, kila nikitoka masomo, nasaga mihogo.

Fundisho: ukiazima moteri bila kuomba, chagua ile mutaa mzima haujui sauti yake.

Nani mwengine alishinda kitu, shangazi akakila? Semeni, lakini polepole. Simu hii ni yake.