Vita vya Watani Kwenye Kilima cha Theluji

Jirani yangu wa sasa, Mfilipino mmoja mwenye roho ngumu, huchoma nyama kwenye baraza ya ghorofa yake mwezi wa kwanza, baridi ikiwa ya kukata masikio. Juzi moshi wake uliingia dirishani kwangu, nikabaki nimesimama katikati ya sebule na kikapu cha nguo mkononi, sisikii la mtu. Wenzangu wakinusa majira ya baridi hukumbuka chai ya maziwa na nyimbo za Krismasi. Mimi nikinusa nyama na baridi kwa pamoja nakumbuka damu puani mwa baba yangu, na nakumbuka kwamba tulicheka. Usishtuke, rafiki yangu, nitakueleza taratibu.

Tuliishi St. James Town, mjini Toronto, kwenye mojawapo ya yale maghorofa marefu ambayo lifti zake zilikuwa zinaugua kuliko wapangaji. Baba alikuwa Mhehe wa Iringa, dereva wa gari la mikate. Chini yetu aliishi Mngoni mmoja wa Songea, mtu wa miraba minne, kazi yake kupakia mizigo ghalani. Alipanga chumba kimoja tu, kwa sababu alikuwa peke yake, anasubiri makaratasi ya ukaazi ili amlete mkewe na watoto wao wawili. Hilo kila mtu alilijua. Ukiingia kwake unaonyeshwa kwanza picha yao iliyobandikwa kwenye friji, ndipo unakaribishwa kiti. Kila majira ya baridi aliwanunulia watoto wale majaketi, makaratasi hayakutoka, watoto wakakua huko Songea, na majaketi yakatuangukia sisi. Mimi nimevaa jaketi la binti asiyenijua miaka mitatu mfululizo.

Yeye na baba walikuwa watani. Kama wewe huna mtani, pole sana, maana sijui nitakueleza vipi. Mababu wa Wahehe na mababu wa Wangoni walichinjana mpaka wakachoka, kisha ule uhasama ukageuka mchezo usiokuwa na mwisho. Mtani anaweza kukutukana mbele ya wakwe zako, akanyakua nyama kwenye sahani yako, akatangaza umekufa na wewe uko hai unakunywa chai, na huruhusiwi kukasirika. Ukikasirika unatozwa kuku. Baba aliitwa mla mbwa, naye akamwita mwenzake mla panya, na hayo ndiyo yalikuwa majina yao ya heshima. Siku mtani alipolazwa kwa kichomi, baba alishinda kando ya kitanda chake akimhimiza afe upesi, maana maegesho ya hospitali hayakamatiki. Muuguzi alitaka kumtoa nje. Mgonjwa akacheka mpaka mpira wa dripu ukachomoka.

Theluji ilipoanguka ndipo walipopata uwanja. Sijui jiji lingine ambalo watu wazima wawili wangeweza kupigana kwa raha kama Toronto ya miaka ile. Mwezi wa kumi na moja, kwenye gwaride la Baba Krismasi, watoto wa watu wamebebwa mabegani wanapunga mikono, sisi tunamwangalia mtani akimsokomeza baba theluji shingoni mpaka chini ya shati. Mbele ya jumba la jiji, pale wanapogandisha bwawa watu wakateleze, alimgonga kwa bega baba akaruka ukingo, akaacha kipande cha jino kwenye barafu. Baba alikitafuta kile kipande akiwa amepiga magoti, watu wanampita na viatu vyao vya visu, huku mtani anawaambia wapita njia kwa Kiingereza chake kwamba huyu bwana anatafuta akili zake. Wiki iliyofuata baba alimsubiri nyuma ya mlango wa ghorofa na ndoo ya maji ya barafu. Nilimshikia mlango mimi mwenyewe.

Na sisi watoto tulikuwa wana wa baba zetu. Tulifinyanga madonge ya theluji, tukayamwagia maji, tukayaacha barazani yagande yawe mawe. Tulishuka vilima kwenye mabeseni ya kufulia ya mama zetu, vichwa mbele, tukilengana miguu. Mpaka leo nina kovu juu ya nyusi, na aliyenipa leo ni mkunga anayezalisha watoto wa watu kwa upole kabisa. Mama alikuwa akitupaka mafuta ya nazi kwenye michubuko huku anasema vita vya panzi ni furaha ya kunguru, lakini kunguru mwenyewe hatukumwona. Kulikuwa na mpaka na kila mtu aliujua. Tuliuona kwa wakubwa: ukipiga unacheka, ukimwangusha mtu unamwinua, na aliyeanza kulia ndiye anayepewa andazi la kwanza.

Kubwa kuliko yote ilikuwa ile sikukuu ya mwezi wa pili, siku kazi zinapofungwa familia zikae pamoja. Watanzania tulikusanyika kwenye bustani moja ya North York yenye kilima kizuri cha kutelezea. Wanawake walikuja na masufuria ya pilau yaliyoviringishwa mablanketi, chupa za chai ya tangawizi, maandazi yaliyokuwa magumu kabla hayajafika mdomoni. Wanaume waliwasha majiko ya mkaa juu ya theluji na kuchoma nyama wamevaa glavu, mafuta yakidondoka yanatoboa vishimo vyeusi kwenye weupe ule. Tukishakula, Wahehe wanapanda upande mmoja wa kilima, Wangoni upande wa pili, na makabila yasiyohusika yanachagua pa kufia. Ukikamatwa unafungwa skafu mikononi na kuburutwa mpaka kwenye jiko, na huachiwi mpaka ndugu zako wakukomboe kwa nyama. Mama yangu, ambaye ni Mhaya na hakuwa na ugomvi na mtu, alipigana kuliko wote.

Mwaka ninaousema, baba alianza yeye. Alimvizia mtani akiwa anakata nyama kando ya jiko, akambamiza donge kubwa la theluji kisogoni, kofia ikatumbukia kwenye makaa. Mtani alinguruma. Akamfukuza baba kilima chote, akamfikia karibu na njia ya watembea kwa miguu, akamkwatua, akamkalia kifuani. Pua ya baba iligonga ukingo wa barafu ikapasuka, damu ikatawanyika juu ya theluji, na wewe unajua damu kidogo inavyoonekana nyingi pale. "Leo nakuchinja, mla mbwa!" mtani alipiga kelele, na baba naye akipiga miguu, "Nakufa! Wahehe mko wapi, nakufa!" Sisi tulikuwa tumewazunguka tunashangilia. Hakuna hata mmoja wetu aliyeona kwamba mtani alikuwa bado ameshika kisu cha nyama. Yeye mwenyewe alikuwa amekisahau mkononi.

Aliyekiona ni mama mmoja wa Kizungu aliyepita na mbwa wake. Wala simlaumu. Asiyejua maana haambiwi maana, na yeye aliona mtu mweusi mkubwa amemkalia mwenzake mwenye damu usoni, na kisu juu. Mbaya zaidi, mtani alipomwona mbwa alimwonyesha baba kwa kile kisu na kumwambia chakula chako hicho kinapita. Yule mama akakimbia huku anaongea kwenye simu.

Magari ya polisi yalipanda mpaka kwenye theluji. Baba na mtani walikuwa tayari wamekaa kwenye benchi moja, mtani anambana baba pua kwa skafu yake na kumfokea ainamishe kichwa. Polisi walimtoa mtani hapo kwa mtutu wa bunduki. Alipokawia kuelewa, wakamtupa kifudifudi, mmoja akamwekea goti shingoni, mwingine akampinda mkono mpaka tukasikia sauti ambayo haikutoka mdomoni mwake. Uso wake ulizama kwenye theluji ileile tuliyokuwa tunachezea. Nilisubiri acheke. Watoto wote tulisubiri acheke, na alipoinuliwa tulimwona analia, na hakuna aliyejua andazi tumpe vipi.

Baba aliwarukia wale polisi, akasukumwa na kuambiwa yeye ndiye aliyepigwa, atulie. Akatulia, akajifuta damu, akaamua kuwaeleza. Alieleza kweli yote, kwa Kiingereza fasaha, kama mtu anayejua kwamba ukweli utamwokoa rafiki yake: kwamba mababu wa huyu bwana waliwaua mababu zake, na mababu zake wakawaua wa huyu bwana, na ndiyo maana huyu bwana ana haki ya kumpiga, na humpiga kila mwaka. Polisi aliandika yote. Baba alimgeukia mama na uso wa mtu aliyemaliza kazi. Mama alikuwa amejishika kichwa kwa mikono miwili.

Mtani alishtakiwa kwa shambulio la silaha. Aliachiwa kusubiri kesi, kwa sharti kwamba asimkaribie baba wala kusema naye, hata kwa kupitia mtu mwingine. Kwa kuwa ghorofa lilikuwa moja, ilimbidi ahame, akaenda kulala kwenye kochi la mtu Scarborough. Wakili alimwambia wazi kwamba akitiwa hatiani makaratasi basi, atarudishwa, na mke na watoto wake hawatakanyaga huku. Baba alikwenda ofisi ya waendesha mashtaka mpaka wakamzoea, anawaambia mimi sikupigwa, nilitaniwa. Wakamjibu kwamba kesi si yake, ni ya serikali. "Zimwi likujualo halikuli likakwisha," alikuwa akirudi nyumbani akisema, "lakini hawa hawanijui." Siku moja alivunja kiti cha jikoni kwa mikono yake, mguu baada ya mguu, na mama akamwacha amalize.

Mwishowe walikubali kuifuta kesi, mtani akiahidi mbele ya hakimu kwamba atakaa na amani na hatamkaribia baba mwaka mzima mwingine. Aliahidi. Nilikuwepo. Alivaa suti ya kuazima, na baba alikuwa nyuma yake kabisa, kiasi cha kumgusa, lakini mtani hakugeuka. Mama alimshika baba pindo la koti muda wote kama anavyoshikwa mtoto barabarani.

Majira ya baridi yaliyofuata tulikwenda North York, tukala, tukakaa. Hakuna mkubwa aliyenyanyua theluji. Sisi watoto tulipigana, lakini sasa tulipigana kwa chuki, maana hapakuwa na wa kutuonyesha mpaka uko wapi. Mvulana mmoja alipigwa jiwe la barafu jichoni, na aliyempiga hakumwinua. Nakumbuka nilitamani kurudi nyumbani mapema, jambo ambalo sijawahi kulitamani kwenye theluji.

Makaratasi ya mtani yalitoka. Mkewe na watoto walifika, na mwaka wa katazo ulipokwisha baba akawaalika wote Jumapili. Mama alipika pilau tangu asubuhi. Baba alikuwa amejiandaa na matusi mapya, nilimsikia akiyafanyia mazoezi bafuni. Mlango ulipogongwa alifungua kwa kishindo: "Nani kamwelekeza huyu mla panya kwangu?"

Mtani alimpa mkono, mikono yote miwili. "Habari za siku nyingi, bwana," alisema.

Alivua viatu akavipanga. Alikaa pale alipoonyeshwa. Alisifu chakula. Baba akamwambia kwamba mke mrembo hivi lazima alimpata kwa wizi. Mtani akatabasamu kama mtu anavyomtabasamia bosi. Baba akanyoosha mkono, akanyakua kipande cha nyama kikubwa kuliko vyote kwenye sahani ya mtani. Mtani akamsogezea sahani. "Karibu," alisema. "Chukua na hiki."

Baba aliacha kutafuna. "Simama," akamwambia. Mtani akasimama. Baba akamzaba kofi, kofi la kweli, mama akatoka jikoni na mwiko mkononi. Watoto wa mtani waliruka wakamshika mama yao. Baba alikuwa amesimama na mikono wazi, kifua mbele, anahema, machozi yanamtiririka. "Nirudishie," alisema. "Nirudishie, mwanaharamu we! Mhehe kakupiga, utamwacha?"

Niliiona ngumi ya mtani ikijikunja. Niliiona, na niliiombea. Kisha akaipeleka nyuma ya mgongo, akaishika kwa mkono wa pili. Aliuangalia ukuta, ambao nyuma yake waliishi majirani, halafu akawaangalia wanawe.

"Siwezi, bwana," alisema. "Nina watoto."

Baba akakaa. Mama akampakulia mgeni nyama nyingine, na tukala mpaka mwisho kwa adabu sana.

Walibaki kusalimiana, kama unaweza kuuita huo urafiki. Simu ya Krismasi, simu ya Pasaka, habari za kazi, habari za watoto. Baba yuko hai, mtani naye yuko hai, na wakikutana wanapeana mikono. Watu wakiniambia mji huu ulitupa amani, nawakubalia, na siku ile mji ulipompa rafiki wa baba yangu familia yake mimi nilishangilia kama wengine. Lakini nakasirika, nakwambia kweli, na hakuna wa kunitoza kuku. Wanangu wanajua kuteleza kuliko nilivyojua mimi. Wana kofia ngumu, wana mwalimu wa kuwafundisha namna ya kuanguka bila kuumia, wana marafiki wa kila taifa na wote ni watoto wenye heshima. Mtani hawana hata mmoja.