Kichwa Kimoja, Kodi Mbili

Miaka ile ya mwanzo ya Uhuru, mume wangu alikwenda Kenya kuchuma chai. Aliporudi nyumbani kwetu Mtinko alikuja na blanketi zito, redio isiyo na betri, na risiti ya kodi aliyokatwa huko. Haukupita muda mtoza kodi akaja kudai kodi ya kichwa ya mwaka uleule. Alipoonyeshwa risiti akasema, "Nenda nayo ofisini Singida mjini. Watakupunguzia kidogo."

Mume wangu hakutaka.

"Nchi yenyewe bado changa," aliniambia tukipalilia mtama. "Uhuru tumeupata juzi, leo niende kuidai serikali?"

"Hudai kitu. Unaonyesha ulichokwisha kulipa."

"Na nauli?"

Hapo alinishinda. Nauli ya kwenda na kurudi ingekula karibu punguzo lote. Tukakubaliana tuache.

Jioni nikamsimulia mama mkwe. Akaweka ungo chini.

"Amekatwa huko, akatwe na hapa? Kesho tunakwenda."

"Nani, mama?"

"Sote."

Tukaenda. Mama mkwe alivaa kanga yake mpya na hakuniachia mkono tangu tuliposhuka kwenye basi. Ofisini, karani kijana alimwamkia shikamoo, akaichukua risiti na kuigeuzageuza. Mume wangu akaanza kuomba radhi kwa usumbufu. Mama yake akamkata kauli, akasema kwa Kinyaturu, na mimi nikatafsiri huku nikijizuia kucheka:

"Mama anasema, mwanawe ana kichwa kimoja. Alikwenda nacho Kenya, akarudi nacho. Hakuota kingine njiani."

Karani alicheka mpaka akavua miwani. "Mwambie mama ana haki. Ila punguzo lenyewe ni dogo sana."

"Dogo ni lake," mama mkwe akajibu, safari hii kwa Kiswahili.

Karani akagonga muhuri. Tulipotoka, mume wangu akapiga hesabu: nauli ya watu watatu ilizidi tulichopata. Nilidhani atakasirika. Akamtazama mama yake, aliyekuwa amesimama barabarani kama mtu aliyeshinda kesi ya ng'ombe, akasema taratibu, "Mama, ungependa kuliona ziwa?"

Hakuwa ameliona maisha yake yote. Tukateremka hadi Ziwa Singidani, na ndege heroe walikuwepo, wamelipaka ziwa rangi ya waridi. Mama mkwe akaketi juu ya jiwe, akavua viatu. Tulikula viazi vitamu tulivyofunga nyumbani. Mume wangu akatuhadithia mambo ya Kenya ambayo hakuwa ametuambia: baridi ya alfajiri kwenye michai, vidole kupasuka, jinsi alivyokuwa akitamani mlenda wa kwao. Mama yake alimsikiliza huku akimenya ganda la kiazi na kumpa yeye kiini chake, kama mtoto.

Basi la mwisho lilikaribia kutuacha.