King'ora Alipolinyamazisha Gari Lake

Mtaani walimwita King'ora. Maisha yake yote ya kazi aliendesha gari la zimamoto, na hata alipostaafu alibaki na mwendo wa mtu aliyeitwa kwenye moto: anakula kasimama, anavaa viatu huku anatembea, anafungua geti kabla hajajua anakwenda wapi. Kukaa kitini kwake ilikuwa adhabu. Mkewe, aliyeshona mapazia pale pale sebuleni, alimwona akipita mbele ya cherehani kwenda dirishani na kurudi, kwenda na kurudi, mpaka siku nyingine alimrushia kipande cha kitambaa na kumwambia apige pasi, walau mikono ipate shughuli.

Wenzake waliostaafu naye walijenga vyumba vya kupangisha. Yeye alinunua gari la spoti, jekundu, la viti viwili, kutoka kwa kijana aliyependa kusikika kabla ya kuonekana. Kijana huyo alikuwa ameing'oa sailensa ya katikati, ile inayomeza mlio, na kuweka nyuma bomba lenye mdomo wa kuingia ngumi. Gari likiwashwa, vioo vya madirisha vinatikisika, vichanga vinaamka, na mazungumzo ya barazani yanasubiri lipite. Majirani walinung'unika. King'ora alimwomba radhi kila mmoja wao, kisha kesho yake akaliwasha tena.

Mtu pekee aliyelipenda kama yeye alikuwa mkewe, na sababu ilijulikana. Masikio ya mama huyo yalikuwa yamezibika kidogo kidogo, miaka nenda miaka rudi, mpaka ikawa ukitaka kusema naye umguse bega kwanza, umkabili uso kwa uso, ndipo asome midomo. Ngurumo ya gari haikumuumiza. Aliisikia kwa mgongo na kwa nyayo. Aliweka kiganja juu ya dashibodi, akafumba macho, akatabasamu kama mtu anayekunwa mahali panapowasha.

Na humo garini King'ora alikuwa na mazoea yake. Alikuwa anasema. Akishaishika barabara kuu, macho mbele, bomba likinguruma nyuma, aliyatoa yote yaliyomkaa kifuani: kwamba siku zisizo na kazi zinamtisha, kwamba goti linamsumbua na hataki kwenda hospitali, kwamba usingizini bado anaendesha lile gari la zimamoto na hafiki. Aliyasema kwa sauti, pembeni mwa mke aliyekuwa akitazama mashamba, na nyumbani alirudi mwepesi. Lakini lilikuwapo jambo moja ambalo alilisema kila safari na wala halikupungua uzito.

Simu ya nyumba ile ilikuwa moja, na ilikuwa yake. Mama ataifanyia nini simu? Watoto wakipiga, King'ora ndiye sikio na ndiye ulimi. Mwaka uliopita kitinda mimba wao, aliyehamia mji wa mbali, alipata mtoto wake wa kwanza. Alipiga simu akiwa hajimudu kwa furaha: mama aje, akae nao hata nusu mwaka, chumba kiko tayari, na baba naye akipenda aje. King'ora aliitazama sebule, akaiona bila mlio wa cherehani. Kisha akajiona mwenyewe kwenye nyumba ya mwanawe, mgeni, akibembelezwa atulie. Jibu lilimtoka kabla hajalifikiri. Alisema mama hataki safari, amechoka, asisumbuliwe. Kijana aliuliza kama ni kweli mama kasema hivyo. King'ora akasema ndiyo, kasema.

Tangu hapo simu za kijana zikawa fupi na za nadra. Mama alilitaja jambo hilo mara moja tu, akipitisha pazia chini ya sindano, bila kuinua kichwa. Alisema mwanawe wa mwisho amemsahau.

Binti yao mkubwa, muuguzi wa mji wa jirani, ndiye aliyempeleka mama kwa daktari wa masikio. Walirudi mama akiwa na vidude viwili vidogo, kimoja nyuma ya kila sikio. Siku hiyo alisimama jikoni kwa muda mrefu akisikiliza maji ya bomba. Alisikia jokofu, alisikia karatasi ikikunjwa, alisikia kisigino cha mumewe kikigonga sakafu chini ya meza, na akamwuliza kama ndivyo alivyokuwa akigonga miaka yote hiyo. Binti aliaga akiahidi kwamba wakija kumtembelea mwisho wa mwezi, mama atakuta simu yake mwenyewe inamngoja, aongee na wanawe bila kupitia kwa mtu.

King'ora alicheka pamoja nao. Lakini tangu siku hiyo akawa kama mtu aliyekalia makaa. Alianza kusafisha banda la nyuma akaliacha katikati, akaenda sokoni akarudi mikono mitupu, akapaka rangi upande mmoja wa geti.

Jumapili alimwalika mkewe matembezi. Alipozungusha ufunguo tu, mama alishika kichwa kwa mikono miwili. Kabla hawajafika kwenye kona alikuwa amevivua vile vidude na kuvifunga kwenye leso. Waliporudi nyumbani alivivaa tena, akamwambia bila hasira:

"Gari hili nililipenda, lakini sasa linanipiga. Nikivaa masikio yangu siwezi kulipanda, na kuyavua sitaki tena. Kwa binti nitakwenda na basi."

Aende na basi, afike, apewe simu, ampigie mwanawe, na habari aipate kutoka huko. King'ora alilizunguka gari mara nyingi kiasi kwamba jirani yake mwalimu alimwuliza kama amedondosha kitu. Mwishowe akapiga moyo konde. Kama mke atalisikia jambo lile, na alisikie kutoka kwake, na waseme njiani wakiwa wawili, humo garini ulimi wake ulimozoea kufunguka. Asubuhi akaenda kwa fundi wa eksozi.

Fundi huyo alikuwa mtu wa maneno mengi na kofia iliyotobolewa na cheche. Aliinama, akachungulia mdomo wa bomba, akasema kazi yenyewe ndogo. Alichomeka mle ndani kizibo cha chuma chenye matundu, akakifunga kwa bolti. Gari likapungua sauti kweli, lakini likawa linahema kama mgonjwa wa pumu, halina nguvu za kupanda mlima, na kabla King'ora hajafika mbali kizibo kilichomoka kwa kishindo kikabingirikia mtaroni. Watu waliokuwa kituoni wakalala chini.

Mara ya pili fundi alikata bomba lote la nyuma akafunga sailensa kubwa, mpya. Sasa mtaa ulipumua. Mwalimu aliuliza kama gari limeuzwa. King'ora akalipeleka barabara kuu, peke yake, kulijaribu, na huko akakutana na jambo jingine. Likienda polepole, kimya. Likikimbia sana, afadhali. Lakini kwenye ule mwendo wa kawaida wa safari, mvumo mmoja mzito uliinuka kutoka chini ya viti, kama nyuki ndani ya pipa, ukajaza gari na kubana masikio. Alijaribu kusema neno, hakujisikia mwenyewe.

Alishusha mwendo, mvumo ukaisha. Akaongeza, ukarudi. Akashusha, akaongeza. Wazo likamjia, na halikuwa zuri: angeweza kwenda hivi hivi mpaka kwa binti. Ataonyesha kwamba amejitahidi, gari limetengenezwa, mama atapanda. Mbele kidogo atachoka na mvumo, atavua masikio, naye King'ora atakuwa ameokoka safari nzima. Alikwenda na wazo hilo mbali kuliko alivyokusudia. Halafu akamkumbuka mkewe na lile pazia, jinsi alivyosema amesahauliwa bila hata kusimamisha cherehani, kama mtu anayetaja bei ya uzi. Aligeuza gari.

Fundi alicheka, akakiri kwamba alikuwa na haraka: alishughulikia mdomo akasahau koo. Safari hii aliweka sailensa ya katikati badala ya ile iliyong'olewa zamani. Ubavuni mwa bomba alichomelea kibomba kifupi kilichozibwa mwisho, akaeleza kwamba kile ndicho kitakachoumeza ule mvumo. Raba zinazoning'iniza bomba zilikuwa zimekauka kama mifupa, chuma kinagonga bodi, akazibadilisha zote. Chini ya zulia la buti akalaza mikeka mizito ya lami, ya kunyonya mtikisiko. King'ora alishindwa kungoja nje. Alishika spana, akaiweka, akashika taa, akachungulia, akahama upande.

"Mzee, tulia basi," fundi alimwambia kutoka chini ya gari. "Unanipa kizunguzungu."

Siku ya safari mama alipanda na masikio yake. Waliipita mitaa, wakaingia barabara kuu, mwendo ukapanda hadi pale pa mvumo, na mvumo haukuja. Kilichobaki kilikuwa sauti nene, ya chini, ya gari lenye afya. Mama alisikiliza, akasema kumbe lina sauti nzuri. Baada ya kitambo akamgeukia.

"Mbona leo huimbi?"

"Kuimba?"

"Siku zote humu ulikuwa unaimba. Nilikuwa nauona mdomo wako kwa pembeni. Nikawa najiuliza ni wimbo gani huo usioisha."

King'ora alipunguza mwendo. Alisema hakuwa akiimba. Halafu akaanza, na safari hii maneno hayakuwa na mahali pa kujificha. Kila moja lilisikika likitoka. Alimweleza simu ya kijana, chumba kilichoandaliwa, jibu alilolitoa kwa jina lake. Alimweleza kwamba aliogopa kuachwa na aliogopa kwenda, vyote kwa pamoja.  Alipomaliza, mama alisema neno moja tu.

"Simama."

King'ora aliegesha. Mama alishuka, akatembea pembezoni mwa barabara mpaka kwenye karavati la mfereji, akasimama hapo huku malori yakipita na kuipeperusha nguo yake. Mumewe alishuka, akarudi, akashuka tena, hakuthubutu kumfuata. Mama aliporudi alikaa, akafunga mkanda, kisha akavua sikio la kulia, akavua la kushoto, akayafunga kwenye leso na kugeuzia uso dirishani. Njia yote iliyobaki ilikuwa hivyo. King'ora alijaribu kuomba radhi, lakini garini palikuwa pametulia mno, aliisikia sauti yake ikizunguka na kumrudia. Akaendesha tu.

Kwenye geti la binti, mama alivaa masikio. Alisalimia, akapokea simu yake, akashukuru, akamwomba binti namba ya mdogo wake. Kisha akatoka, akaketi kwenye ngazi za nje na kuuvuta mlango nyuma yake. King'ora aliipima sebule ya binti yake kwa hatua. Dirishani alimwona mkewe ameziba mdomo kwa mkono, mabega yanatikisika. Hakujua ni kicheko au kilio, na baadaye aliona ni vyote.

"Nimemwambia nakuja," mama alisema alipoingia. "Na nimemwambia sikukataa. Mengine utamweleza mwenyewe."

Waliporudi nyumbani, mama alimaliza mapazia ya watu, akafungasha. King'ora ndiye aliyempeleka stendi. Njiani waliongea kuhusu mteja ambaye hajachukua pazia lake na kuhusu gesi iliyobaki kwenye mtungi, na mpaka basi linaondoka hakujua kama yale yalikuwa maneno ya mtu aliyesamehe au ya mtu anayeacha nyumba yake salama tu.

Siku zikapita. Aliushika ule upande wa pili wa geti, akaupaka. Alitoka na gari akaendesha bila kwenda popote, akarudi. Simu aliitoa mfukoni na kuirudisha mpaka kioo kikapata alama za vidole. Ndipo asubuhi moja, amesimama katikati ya banda lililojaa makorokoro, akaipiga.

"Shikamoo, baba," kijana alisema. Sauti ilikuwa ya adabu, basi.

"Marahaba. Mama yako hakukataa. Niliyekataa ni mimi."

Upande wa pili mtoto alikuwa akilialia kwa mbali.

"Nimesikia, baba," kijana alisema, akaeleza kwamba mtoto anamwita, atapiga.

King'ora hakutegemea. Lakini wiki iliyofuata kijana alipiga. Hakuwa amesamehe, ilisikika wazi. Aliongea habari za mvua na za bei ya mafuta, akaulizia goti, kwamba mama aliona baba anachechemea. Mwishoni kabisa, kama mtu aliyekumbuka jambo dogo, alimwuliza baba yake kama ile njia ya kwenda kwao anaijua. King'ora akasema haijui, lakini anaweza kuuliza.