Jeep ya Mahari Yangu

Watu wa Nyalukemba, mtaa wetu wa Bukavu, waliokuwepo miaka ile ya vita wanaikumbuka jeep yetu kuliko wanavyonikumbuka mimi. Siwalaumu. Ilikuwa ya kijani kizito, viti vya ngozi, na mbele kwa shofere kulikuwa na ubao uliong'aa kama meza ya paroko. Mimi nilikuwa binti mwembamba anayemaliza masomo, mwenye nguo mbili za kutokea. Wazee wa ukoo walitupima siku moja, mimi na jeep, wakaona tunalingana. Lakini ngoja nieleze kwa mpango, maana nikikasirika huwa naanzia mwisho. Na hadithi hii naisimulia nikiwa Sange, kwenye joto na mbu, nikifundisha watoto wa wengine, kwa sababu mlango wa Bukavu niliufunga mwenyewe.

Papa alikuwa mwalimu wa historia ku iniversite. Tangu vita vya kwanza mshahara ulikuwa kitu cha kusikia tu redioni. Wakati wa mvua alikwenda kazini viatu mkononi, akifika anaosha miguu bombani, anavaa soksi, anaingia darasani akiwa profesa tena. Wanafunzi walimwona, walijifanya hawakumwona. Ila kiburi chake kilikuwa hai. Wageni wakija nyumbani na kuanza utani wa kwamba binti amekua, ataleta mali lini, alikuwa anawakata: "Mutoto wangu haiko wa kuuzisha." Nililelewa na maneno hayo kama wengine wanavyolelewa na maziwa.

Halafu akaja mchumba. Alikuwa mfanyabiashara wa dhahabu, na alikuwa na marafiki kati ya waasi walioushika mji, maana bila marafiki hao hakuna aliyeuza hata sabuni. Mpole, msafi, anamwita mama yangu maman kwa sauti ya chini. Nilimkubali kwa mdomo wangu. Hilo nalisema mapema kwa sababu watu wakisikia hadithi hii wanakimbilia kunihurumia mahali nisipokuwepo.

Kwetu Bushi, nchi ya Washi, mahari ni ng'ombe. Wanakwenda kwa baba wa binti, wanazaa, na mume akigeuka kuwa chui, binti anarudi kwao, baba anarudisha ng'ombe, na maneno yanaisha. Ndama walibaki, kwa hiyo baba hafilisiki. Maman alikuwa anasema ng'ombe wa mahari hawaliwi ovyo, hujui ni siku gani mtoto atarudi.

Shida ilikuwa vita. Huko milimani kila mwenye bunduki alikuwa na njaa, na ng'ombe hana pa kujificha. Wale wa babu yangu waliisha kabla hatujapata habari kwamba wameanza kuliwa. Kwa hiyo mchumba alipotuma msemaji wake kusema atatoa jeep badala ya ng'ombe, halikuwa wazo la kijinga. Wazee walicheka kwanza, kisha wakasema ailete waione.

Aliileta Jumamosi. Ukoo mzima ulijaa uwanjani, kwenye parselle yetu, na mimi nikapita na kasiksi, pombe ya ndizi, kwa wageni, nikisikiliza. Swali lilikuwa moja: jeep hii inafaa bei yake? Ndugu mdogo wa papa, tonton yetu, aliyejiona fundi kwa sababu aliwahi kufanya kazi ya shofere, alifungua mbele, akatazama mashine kwa heshima, akafunga. Akasema haiko kubwa kama zile za wazungu wa misaada zinazokunywa mafuta ya mazutu kama ngamia anavyokunywa maji, wala haiko kigari cha taksi. Iko ya katikati, ya watu wa heshima. Shangazi mmoja akauliza kama ikiharibika, vyuma vyake vinapatikana wapi. Tonton akasema Bujumbura. Shangazi akauliza nani atavuka mpaka Bujumbura na vita hii. Wakamwambia anywe pombe yake. Mwingine aliingia ndani, akakaa, akawasha ile hewa ya baridi, akakataa kutoka. Hakuna aliyenitazama, na mimi sikuona ubaya, maana nami nilikuwa naitazama jeep. Ilikuwa nzuri, wacha niseme kweli.

Mchumba akasema waijaribu popote wanapotaka. Papa akachagua Luvungi, chini bondeni. Tulikwenda watu wanne: yeye kwenye usukani, tonton pembeni, maman na mimi nyuma. Tuliteremka mizunguko ya mlima wa Ngomo, ile inayotapisha abiria wa kila lori, na kwenye vile viti tulisikia kama tumelala. Tukafika barieri ya kwanza, kizuizi cha askari. Mahali pale askari walimjua papa. Walizoea kumshusha kutoka juu ya magunia ya lori, kumwomba papye, karatasi zake, kumwomba pesa ya sigara, kumwita muzee kwa dharau. Siku hiyo waliona jeep, wakaangusha kamba haraka, na mmoja akapiga saluti. "Pita, mukubwa," akasema.

Nilimwona papa kwenye kioo, macho yake yamejaa maji. Nilimpenda sana saa ile, na nilijua pia kwamba maneno yamekwisha, jeep imekubaliwa. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na papa alikuwa amesifiwa na mtu mwenye bunduki.

Luvungi tulinunua mchele, nyanya na bidoni ya mafuta ya mawese. Tukipanda Ngomo kurudi, kifuniko cha bidoni kikatoka, mafuta yakamwagika kwenye kiti katikati ya maman na mimi. Maman akafuta kwa kitenge chake. Doa likabaki, jekundu, pana kama sahani. Nikaona papa anacheka peke yake mbele, nikamtania kwamba jeep ni nzuri, "lakini papa, gari haizae."

"Na ngombe haipande Ngomo," akanijibu, na sote tukacheka mpaka tonton akakohoa.

Maman ndiye hakucheka. Tulipofika nyumbani, mashine ikiwa bado moto, alisimama mbele ya mlango wa jeep, papa asiweze kutoka. Akamuuliza, kama mutoto atarudi siku moja, sisi tutarudisha nini, tairi? Papa akashika usukani kwa mikono miwili. Nayakumbuka maneno yake kama yalivyo.

"Kama ule bwana anamutesa, arudi. Sitamuuliza jeep, sitamuuliza ngombe. Mulango yangu haitafungiwa mutoto yangu."

Maman akamwambia aseme tena. Akasema tena. Maman akatoka njiani. Niliondoka kwenda ndoani na masufuria, mashuka, na viti viwili vya sebuleni, lakini kitu nilichokihesabu kuwa changu hasa ni maneno yale.

Miezi ya kwanza ilikuwa mizuri kwa kila mtu. Papa alikwenda misa na jeep ijapokuwa kanisa lilikuwa karibu, akaegesha pale ambapo wote wanaotoka lazima wapite. Alivaa viatu kutoka mlangoni mpaka darasani. Ilikuwa raha kumwona. Kisha siku moja Jumapili alisimamishwa barabarani na komanda aliyesema gari inatakiwa kwa kazi ya vita. Papa akatoa funguo. Nani hangetoa? Alirudi kwa miguu na kitabu chake cha misa kwapani, akakaa kwenye ngazi ya nyumba. Nilipopata habari nilikwenda na supu, nikalia naye. Bwana yangu alikuja jioni, akamshika bega. "Vita, papa. Vita," akasema, akatikisa kichwa kwa huzuni kama mtu anayezika.

Mwaka uliofuata bwana yangu alileta mwanamke mwingine kwenye nyumba yetu. Nilipouliza ni nani, alinipiga, jino langu moja likatoka. Baadaye hakungoja niulize. Sitarefusha hapo. Ninachotaka kijulikane ni kwa nini nilikaa. Nilikaa kwa kumhurumia papa. Nilijiambia ameapa, ndiyo, lakini yule bwana atakwenda kudai mahari yake, na mzee ambaye jeep yake imekwenda vitani atatoa nini? Kwa hiyo nilipokwenda kumwona nikiwa na mdomo umevimba, nilisema nilianguka bafuni. Papa alikuwa anasema pole, mama, kama alivyoniita tangu utotoni, uangalie sabuni.

Siku moja mchana jeep nyeusi iliingia kwenye parselle ya bwana yangu. Alishuka yeye, na komanda mmoja aliyekuwa mshirika wake wa dhahabu. Walikuwa wanakwenda safari, nikaambiwa niweke kapu la chakula nyuma. Nilifungua mlango. Ubao wa mbele ulikuwa ule unaong'aa. Na kwenye kiti cha nyuma, katikati, lilikuwepo doa jekundu, pana kama sahani. Niliweka kiganja changu juu yake kama mtu anayepima homa. Bwana yangu akaniona. Nilidhani atababaika.

"Ilikuwa yangu, imerudi kwangu," akasema, akachukua kapu mkononi mwangu.

Mnajua nilisikia nini? Furaha. Wallahi, ningekuwa mwislamu ningeapa hivyo. Walipotoka nilikaa chini jikoni nikacheka peke yangu na lile pengo la jino. Mtu ametoa mahari, kisha ameirudisha mwenyewe kwa mkono wa rafiki yake komanda. Basi yeye hatudai, sisi hatumdai, papa hana la kurudisha. Kile kilichonishikilia kwenye nyumba ile kilikuwa kimeegeshwa kwenye uwanja wake mwenyewe. Nilifunga nguo zangu kwenye mfuko, nikapanda kilima kwenda Nyalukemba nimevaa kandambili, nikiwasalimu hata watu nisiowajua.

Papa alikuwa kwenye ngazi, maman kando yake akimenya mihogo. Niliweka mfuko chini, nikasema yote bila kupumua: mwanamke, jino, bafuni ambamo sikuanguka, jeep iliyopakwa rangi, doa la mawese. Nilisema papa, hatuna deni, nimerudi. Maman alikuwa ameshika muhogo mmoja bila kuumenya. Papa alitazama mikono yake.

"Najua, mama," akasema.

Nilidhani anajua habari ya jino. Hapana. Alijua habari ya jeep. Aliiona zamani, pale bandarini, akaitambua hata na rangi yake mpya. Akaenda kwa bwana yangu, wazungumze kama wanaume. Bwana yangu hakukataa. Alimwambia mambo ya askari ni magumu, lakini kwa heshima aliyonayo kwa muzee, atamletea jeep nyingine, nzuri kuliko ile, ipitie Bujumbura. Sharti lake lilikuwa dogo: nyumbani kwake kuwe na amani, bibi yake asirudi kwao na kumwaibisha mjini. Papa akakubali. Miezi yote ile. Mimi nilikuwa nabeba supu na uongo wangu wa sabuni ili nisimwumize, naye alikuwa anaupokea, anasema pole, anangoja jeep. Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema. Mimi kilichonila kilinifundisha kusoma.

Nilimkumbusha kiapo chake. Nilikisema neno kwa neno, na maman akasema ndiyo, ndivyo ulivyosema, mara mbili. Papa alianza kukasirika, kama mtu anayeonewa.

"Ile nilisemaka wakati jeep ilikuwa hapa," akasema. Kisha akalainisha sauti, akanishika mkono. "Vumilia kidogo, mama. Mupaka ile ingine ifike."

Sijui kwa nini niliuliza nilichouliza. Labda nilitaka kumpa nafasi ya mwisho ya kuona haya. Nilimuuliza, papa, hiyo nyingine itakuwa ya rangi gani?

Alifikiri kidogo. Na uso wake, Mungu anisamehe, ulifunguka kama siku ile ya barieri.

"Nyeupe," akasema. "Na hii iko na viti saba."

Maman aliweka kisu chini. Alifunika uso wake kwa kitenge. Mimi niliokota mfuko wangu. Kwa bwana sikurudi. Nilikwenda stendi ya malori, nikashuka Ngomo juu ya magunia, kama papa alivyozoea zamani. Lakini kabla ya hapo papa alisimama, akavaa viatu vyake, akatembea nami mpaka barabarani, akanipa mkono, akanitakia safari njema. Kwetu mtoto wa nyumba hasindikizwi. Anayesindikizwa ni mgeni.