Namba Hasi Niliyoisoma Kama Kimya

Nilikosea, na sina wa kumsukumia lawama. Nakuambia wewe kwa sababu hapa Garissa sina tena mtu wa kumwambia.

Mimi ni mwalimu kutoka bara, nasomea uchambuzi wa picha za ubongo. Nilipohamia huku, jirani yangu Halima ndiye aliyenipokea. Kila jioni aliniita chai, nikakaa karibu na baba yake, aabo kama alivyomwita, mzee aliyepoteza sauti kwa kiharusi. Familia ilikubali apigwe picha katika utafiti wetu huku akisikilizishwa hadithi mbili, moja ya Kiswahili, moja ya Kisomali.

Matokeo yakaja kwenye kompyuta yangu. Sehemu ya lugha: namba hasi.

Halima akauliza, "Mwalimu, kichwa ya aabo inasema nini? Anatusikia?"

Jamani! Ningesema sijui. Ningesema ngoja nimwulize msimamizi wangu. Nikajifanya daktari: "Pole, walaal, dada yangu. Sehemu hiyo imezima."

Nyumba ikanyamaza. Watu waliokuwa wakimtania mzee kuhusu ngamia wake sasa walimgeuza na kumlisha bila neno. Nami nilikaa pale na kikombe changu, nikiwaonea huruma. Huruma gani!

Wiki kadhaa baadaye msimamizi akapitia kazi yangu. "Hii namba umeipata kwa kutoa nini kwenye nini?"

Nikaangalia. Kiswahili kutoa Kisomali. Yallah! Ukilinganisha na vipindi vya kimya kati ya hadithi, zote mbili ziliuamsha ubongo wake. Ile ya Kisomali iliuamsha zaidi, ndiyo maana tofauti ikawa hasi. Hakuna kilichozima.

Nilikimbia kwa Halima. Mzee alikuwa na siku nne kaburini.

Nikamweleza yote. Akaniangalia sana. "Kwa hivyo alikuwa anasikia, na sisi tukanyamaza?"

Lakini ubongo kuitikia sauti si ushahidi kwamba mtu anaelewa. "Huenda," nikasema. Akaingia ndani, akafunga mlango. Sijaitwa chai tena.

Wewe unayejifunza kazi hii, usiziogope namba. Zinaeleweka, pole pole, utafika. Ila kabla hujaitamka namba yoyote mbele ya mtu, uliza imelinganishwa na nini. Kama hujui, sema hujui. Halafu waambie waendelee kuongea na mgonjwa wao.