Kazija na Mwezi wa Mchana

Kazija, afisa wa meli ya mizigo ya Pemba, alikuwa na haja moja tu: kuivuka bahari kuu. Kapteni Mbarouk alikuwa anapeleka yoti, chombo cha starehe, Shelisheli na alitaka msaidizi mmoja, kwa sharti moja.

"Simchukui mtu asiyejua alipo mpaka aambiwe na mashine."

Mara mbili Kazija alijaribiwa, mara mbili akashindwa. Leo, ndani ya yoti hiyo mbele ya Mbweni, ilikuwa mara ya mwisho. Simu na saa zote zilitiwa ndani ya hotpoti, kifuniko kikakazwa. Zikabaki sekstanti, kile chombo cha baharia cha kupimia pembe za angani, kitabu cha falaki na mbingu.

Adhuhuri ilikuwa imepita. Nusu ya mwezi ilining'inia juu ya Unguja, nyeupe kama kizio cha nazi ambacho hakijakunwa. Kazija aliilaza sekstanti ubavu, akayumba na mawimbi, akalisogeza jua kiooni taratibu mpaka likagusa shavu la mwezi. Pembe hiyo baina ya jua na mwezi humpa saa ya Greenwich, Uingereza, ambako longitudo huanzia, kwani mwezi hutembea angani kama mshale wa saa. Kisha akapima kimo cha jua, apate saa ya pale alipo. Tofauti ya saa hizo mbili ndiyo longitudo.

Akapiga hesabu. Kapteni akalitazama jibu, akamrudishia karatasi.

Gharib, fundi wa injini, akachungulia. "Lo! Bi Kazija katufikisha Brazili! Tena msituni! Na mie nshamwambia mke wangu nnarudi kwa chai ya jioni."

"Hebu nyamaza," Kazija akamwambia, "moshi wa injini ushakupanda kichwani."

Akaipitia pembe upya: sawa. Kimo: sawa. Sasa amepotelea wapi? Robo nzima ya dunia. Robo ya dunia ni robo ya siku. Saa sita!

Akajipiga kipaji. Jua lilimwambia kuwa limepita utosini kwa saa mbili na ushei, naye mkono ukaandika nane, kama wanavyohesabu kwao Fumba. Kitabu huanza kuhesabu usiku wa manane. Kwao Fumba huanza kunapokucha.

"Kapteni, nimeandika saa nane ya Kiswahili!"

"Kosa kakuonyesha nani?"

"Nimeliona mwenyewe."

"Basi lisahihishe mwenyewe."

Akasahihisha. Kapteni akaweka rula kwenye ramani.

"Sasa umetupandisha nchi kavu, Tunguu."

"Tushuke chuo kikuu cha hapo tukasome!" Gharib akaangua kicheko.

Kapteni hakucheka. "Amekosea maili kumi hivi. Kwa mwezi, juu ya chombo kinachosukwasukwa, mabaharia wa kale wangekosea thelathini na bado wakachinja mbuzi." Akamgeukia Kazija. "Paspoti yako ingali hai?"

"Naam, Kapteni."

"Basi kafunge mizigo. Utanipeleka Shelisheli."

Kazija alisimama omo, mbele ya chombo, akapiga vigelegele mpaka wavuvi wa mbali wakageuza vichwa, wakidhani kuna bibi harusi.